Misumari Miwili

Bi Zuwena wa Limbani anataka meza.
Ya pembe nne anayo, ya duara haimkai chumbani;
anataka "ile ndefu ndefu kama yai, Fundi Shaame,
wageni wasigongane magoti."

Baba akagongomea misumari miwili kwenye ubao wa mfenesi,
shibiri mbili baina yake,
akafunga uzi wa kushonea magunia ya karafuu,
akauvuta kwa ncha ya penseli mpaka ukakaza,
akazunguka nao hadi alipoanzia
bila ya kuinua mkono.

Mimi juu ya rundo la maranda, daftari mapajani,
kesho mtihani.
Baba! Umechora njia ya sayari!

"Nimechora meza," akasema, "na ya kianzio sijalipwa."

Duaradufu, nikamsomea. Skuli yai lako ndivyo linavyoitwa.
Njia ya sayari kulizunguka jua huitwa obiti,
na jua halikai katikati, baba,
watu wote tunadhani katikati.
Linakaa kwenye msumari mmoja.

"Na huu wa pili?"

Nikafunua ukurasa. Nikafunua mwengine.
Wa pili hauna kitu.
Ni mahali tu.

Baba akautazama ule msumari kitambo
kama mtu anayetazama kiti.

(Utaridi hulizunguka jua kwa siku themanini na nane.
Imekwisha kuzunguka mara kumi
tangu mama alipopanda boti Mkoani.
Hesabu hii iko nyuma ya daftari,
sikumwonesha mtu.)

Umeme ukakatika. Tukatoka nje na vigoda.
Angani juu ya Fundo, Zuhura, peke yake, nyeupe.
Bibi anasema nyota hii ni mbili:
ya magharibi, na ya alfajiri upande wa Kiuyu,
na kila moja ana dua yake.
Mwalimu Khatibu anasema ni moja, wala si nyota:
ni sayari, neno lenye mwendo ndani yake.
Hupotea wiki kadhaa karibu na jua,
kisha ukaiona imetokea ng'ambo.
Bibi sikumsahihisha.
Dua mbili hazizidi.

"Haya, na mwendo wake ni mmoja?"
Hapana. Ikilikaribia jua hukaza,
ikiwa mbali hujikokota.
"Kama ng'ombe wa gari akinusa banda," akasema baba,
na hilo nikaliandika pembeni, kwa penseli,
maana mtihani haulitaki.

Mwaka ni mzunguko mmoja, nikaendelea,
na kila sayari ina wake.
Mirihi hukaribia miwili yetu,
Mshtarii kumi na miwili,
Zohali ishirini na tisa na ushei.
Baba akahesabu kwa vidole vilivyoganda gundi.
Ana hamsini na minane.
"Basi huko Zohali miwili sijatimiza.
Hata ziwa sijaachishwa."
Akacheka. Mimi nikachelewa kucheka.

Alfajiri nikamkuta ameshaikata, ameipiga msasa.
Yamebaki matundu mawili ya misumari.
Akakoroga vumbi la mbao na gundi, akaziba moja;
likapotea kama halikuwahi kutobolewa.
Kwenye la pili akasimama, kijiti mkononi,
gundi ikimkaukia.

"Mtihani wako saa ngapi?"
Saa mbili.
"Nenda."

Swali la nne lilikuwa obiti. Nilichora kwa uzi wa kanzu yangu,
misumari sikuwa nayo, nikatumia vidole viwili,
na mkono wa tatu wa kushika penseli nikauazima kwa Time, jirani yangu,
akaandikiwa jina na msimamizi.

Jioni Bi Zuwena alikuja na gari la kubebea.
Akapitisha kiganja juu ya meza, taratibu, kama anayepangusa unga.
Kidole kikasimama.
"Fundi, hapa pana tundu."

"Najua," baba akasema.
"Hapo weka bakuli la sukari."